Namna ya Kupanga Fungate Tulivu Bagamoyo kwa Maarusi wa Lubumbashi

Maarusi wa Lubumbashi wanaotafuta bahari huwa na majina mawili tu vichwani, Zanzibar na Dar es Salaam: la kwanza kwa sababu ya picha, la pili kwa sababu karibu kila ukoo hapa kwetu una mtu aliyewahi kwenda kununua mali Kariakoo. Mimi napendekeza mji wa tatu, Bagamoyo, ulio kando ya Bahari ya Hindi, zaidi kidogo ya kilomita 60 kaskazini mwa Dar es Salaam. Ni mji mdogo wa wavuvi, wachongaji na wanafunzi wa sanaa. Anayetaka maji ya samawati kama ya kwenye kalenda aende kwingine, kwa maana mito inayomwaga maji karibu na Bagamoyo huitia bahari udongo, na rangi yake mara nyingi ni ya kijivu au ya chai. Lakini watu wawili waliotoka katika miezi ya vikao vya harusi, mahari, komini, kanisa na ukumbi hawahitaji rangi ya maji kuliko wanavyohitaji mahali pasipo na la haraka, na hapo ndipo Bagamoyo inapoishinda miji mingine ya pwani hiyo.

Maelekezo haya yanahusu safari ya juma moja, kwa watu wa kipato cha kawaida.

Tarehe, mvua na mwezi

Pwani ya Tanzania ina majira mawili ya mvua. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wa kuepukwa kabisa, kwa kuwa mvua huweza kunyesha siku kadhaa mfululizo na barabara za udongo kugeuka tope. Vuli hunyesha Novemba na Desemba, nayo ni nyepesi zaidi. Kuanzia Juni hadi karibu na Oktoba huvuma upepo wa kusi, hewa hukauka kiasi na usiku hupoa. Kwa bahati njema hiyo ndiyo miezi ya kiangazi ya kwetu, ambayo familia nyingi huipenda kwa harusi kwa kuwa mahema ya uani hayatanyeshewa. Aliyezoea baridi ya Juni ya Lubumbashi, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, asibebe makoti, maana hata wakati wa kusi shati jepesi linatosha jioni ya pwani. Januari na Februari ni miezi ya kaskazi, yenye joto na unyevu mwingi, na chumba kisicho na feni wakati huo ni adhabu.

Jambo ambalo mtu wa bara hulisahau ni kwamba bahari haikai mahali pamoja. Waliokulia Kalemie au Moba wanalijua ziwa Tanganyika, ambalo asubuhi na jioni liko palepale. Bagamoyo maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya siku moja, na kwa kuwa ufuko wake una mteremko mdogo sana, maji yanapokupwa hurudi nyuma mbali kiasi kwamba mashua hulala ubavu mchangani, na anayetaka kuoga hulazimika kutembea mwendo mrefu katika tope kabla ya kuyafikia maji ya magotini. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, maji hufikia kikomo cha kujaa karibu saa 10 jioni, na kikomo cha kupwa karibu saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata baada ya juma moja maji yakawa yanajaa katikati ya asubuhi, na wakati huo hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Basi maarusi wanaopenda kuogelea alasiri wapange kufika siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu, ambapo usiku nao utakuwa na mwanga wa kutembelea ufukweni. Wanaopenda maji ya asubuhi wafike juma moja baadaye. Kalenda yoyote inayoonyesha mwezi inatosha kwa hesabu hiyo.

Saa ninazozitaja zinahesabiwa kwa namna ya pwani, kuanzia mapambazuko. Sisi Lubumbashi tumezoea kuzihesabu kama zinavyohesabiwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mwenye mashua akisema tuondoke saa 9, anamaanisha alasiri, wala si asubuhi baada ya chai. Zaidi ya hayo, saa ya Tanzania iko mbele ya saa yetu kwa saa moja.

Harusi ikiwa Jumamosi, msisafiri Jumapili. Jumapili ni ya wazee wanaokuja kuwaamkia na ya kurudisha viti na masufuria, Jumatatu ni ya kulala, na Jumanne au Jumatano ndiyo siku nzuri ya kuondoka. Kufika katikati ya juma kuna faida nyingine: mwisho wa juma watu wa Dar es Salaam huja Bagamoyo kwa magari yao, muziki hupanda, na baadhi ya hoteli hukodishwa kwa harusi, na sidhani kama kuna sauti ambayo maarusi wapya wasingependa kuisikia zaidi ya ile ya mshereheshaji wa harusi ya watu wengine. Tazameni pia tarehe za Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11. Mji una Waislamu wengi, na mchana wa mwezi huo migahawa ya mitaani hufungwa. Hoteli huendelea kuwapikia wageni, lakini kula barabarani ni kukosa adabu.

Hati

Pasipoti zenu ziwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kuisha. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo masharti ya kuingia katika nchi jirani yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo msitegemee maneno ya mtu aliyesafiri mwaka juzi. Nendeni wenyewe kwenye ubalozi mdogo wa Tanzania uliopo hapa Lubumbashi, mkaulize kuhusu viza kabla ya kulipa tiketi. Watakaopita Zambia kwa barabara waulize pia kwenye ubalozi mdogo wa Zambia.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi hiyo sasa hudumu maisha yote, hivyo aliyechanjwa zamani hana haja ya kuchanjwa tena ili mradi anayo kadi yenyewe mkononi.

Kosa la kawaida hutokea kwenye tiketi. Bibi arusi, kwa furaha ya jina jipya, huandikisha tiketi kwa jina la mume, ilhali pasipoti yake bado ina jina la kwao. Jina kwenye tiketi lifuate pasipoti, herufi kwa herufi, na jina jipya lisubiri. Ulizeni vilevile kama Go-Pass, yaani kodi ya uwanja wa ndege, imo ndani ya bei ya tiketi au mtailipa Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi. Nakala ya cheti cha ndoa kutoka komini haina uzito mkubwa, nayo huweza kuwapunguzia maswali mahali fulani, basi iwekeni tu kwenye mkoba.

Njia ya kufika

Kwa ndege, Air Tanzania imekuwa ikiunganisha Lubumbashi na Dar es Salaam, na mashirika ya Kenya na Ethiopia huwapitisha wasafiri Nairobi na Addis Ababa. Njia ya Addis Ababa huwapeleka mbali kaskazini kisha kuwarudisha kusini, na mara nyingine huwafikisha usiku wa manane. Ichagueni tu ikiwa tofauti ya bei ni kubwa. Bora kuliko yote ni ndege itakayowatua Dar es Salaam kabla ya alasiri, ili mlale Bagamoyo usiku uleule.

Kwa barabara, mwendo ni wa zaidi ya kilomita 2,000. Basi hutoka Lubumbashi, huvuka mpaka wa Kasumbalesa, hupita Chingola, Kitwe, Ndola na Kapiri Mposhi, kisha hukata Zambia yote hadi Nakonde na Tunduma, ambako malori ya shaba na kobalti hupanga foleni ndefu. Baada ya hapo ni Mbeya, Iringa na Morogoro. Njia hiyo ina uzuri wake, hasa pale barabara kuu inapopasua hifadhi ya Mikumi na abiria wakaona tembo na twiga kupitia dirisha la basi. Lakini mtu aliyesimama siku nzima na viatu vipya vya harusi hana miguu ya kukaa siku tatu ndani ya basi, na kila siku mnayokaa mpakani inatoka kwenye juma lenu. Kama fedha zinaruhusu ndege ya upande mmoja tu, iwe ya kwenda, kwa sababu uchovu wa kurudi unavumilika zaidi.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukamilika katikati ya muongo huo, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam. Ni safari ya kupendeza kwa mwenye muda. Kwa maarusi wenye juma moja, treni inayojulikana kwa kuchelewa haifai, na hata wenye muda waulize kwanza kama wakati huo inabeba abiria.

Wanaokuja kwa basi wana njia ya mkato ambayo wengi hawaijui. Hakuna ulazima wa kuingia Dar es Salaam: teremkeni Chalinze, shikeni barabara ya kaskazini hadi Msata, kisha kutoka Msata ipo barabara ya lami inayokwenda moja kwa moja hadi Bagamoyo. Mkiiomba hoteli itume gari Chalinze, mtaokoa nusu siku ya msongamano.

Wanaotua uwanja wa Julius Nyerere wapange gari na hoteli mapema, bei ikiwa imekubaliwa kwa maandishi ya simu. Magari madogo ya abiria ya kwenda Bagamoyo huondoka kituo cha Makumbusho, nayo ni rahisi sana kwa bei, lakini abiria hubanana na hakuna pa kuweka sanduku. Njia ni Mwenge, Tegeta, Bunju, kisha nyumba hupungua na minazi huongezeka. Mkifika Tegeta jioni wakati watu wanatoka kazini, jiandaeni kukaa.

Fedha, na mashangazi wenye orodha

Lubumbashi dola hununua hata nyanya. Tanzania si hivyo: tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, na muuza samaki wa Bagamoyo hata bila kanuni hiyo hana chenji ya dola yenu. Badilisheni dola benki au kwenye maduka rasmi ya kubadilisha fedha, Dar es Salaam, mkibeba noti mpya zisizochanika wala kuandikwa. Noti za zamani zenye kichwa kidogo huwa zinakataliwa au kununuliwa kwa bei ya chini. Nunueni laini ya simu kwenye duka la kampuni yenyewe, mkionyesha pasipoti, muwekewe na huduma ya fedha kwa simu, kwa kuwa hata mwenye kibanda cha chipsi huipokea.

Hayo ni mepesi. Zito ni orodha. Habari za safari zikishavuja, shangazi atakuja na bahasha ya dola na maelezo ya vitenge anavyovitaka, jirani atataka simu, binamu mwenye duka atataka mfanye tu utafiti mdogo wa bei za viatu vya watoto, kwa kuwa, kama asemavyo, mtakuwa mnapita hapo hapo. Mkikubali moja mmekubali zote, na siku mbili za juma lenu zitaishia kwenye ngazi za maghorofa ya Kariakoo, bwana akiwa amebeba marobota na bibi akipigiana simu na Lubumbashi kuhusu rangi. Nimeona maarusi waliorudi na mizigo ya ukoo mzima na hawakuwahi kukanyaga mchanga.

Kataeni mapema, na mkatae kwa zamu: bwana awajibu wa kwao, bibi awajibu wa kwao, ili asionekane mkwe mpya ndiye aliyeleta uchoyo. Maneno yawe ya heshima na yasiwe na mlango wa nyuma. Kwa mfano: “Mama mdogo, safari hii hatufiki sokoni, tukienda tena kwa kazi, wewe utakuwa wa kwanza kutuma.” Msiseme kwamba mtajaribu. Shangazi wa Katanga akisikia mtajaribu, bahasha imeshaingia mfukoni mwenu.

Mizigo yenu wenyewe iwe midogo: vikwembe viwili au vitatu, nguo za pamba, kofia, ndala za kutembelea mchangani, mafuta ya kukinga jua, na dawa mnazotumia. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na msafiri anayeingia nayo huambiwa aiache uwanjani. Fungeni vitu kwa vitambaa.

Chumba

Bagamoyo kuna aina mbili za malazi. Zipo hoteli za ufukweni, zenye bustani na minazi, na zipo nyumba za wageni katika Mji Mkongwe na mitaa ya nyuma yake, za bei ndogo na za karibu na maisha ya watu. Kwa fungate ningechagua ufukweni hata kama ni kwa siku chache tu, kisha nimalizie mjini kama mfuko umepungua. Kabla ya kulipa, pigeni simu, msiandike tu, mkaulize mambo haya: kama chumba kinapokea upepo wa baharini au kimegeukia ukuta wa jiko, kama kuna chandarua kizima kinachofunika kitanda chote, kama kuna jenereta umeme ukikatika, na kama siku hizo kuna semina au harusi hotelini. Swali la mwisho ni la lazima, kwa kuwa ofisi nyingi za Dar es Salaam hupeleka semina zao Bagamoyo. Mkisema kwamba ninyi ni maarusi, hoteli nyingi hupanga kitanda vizuri na pengine kutoa matunda, jambo ambalo halina gharama kwenu. Malaria ipo pwani kama ilivyo kwetu, basi msidharau chandarua kwa sababu ya mahaba.

Siku za Bagamoyo

Siku ya kwanza lalani. Ushauri huu hupuuzwa na wengi, nao ndio wa maana kuliko yote katika sehemu hii. Baada ya hapo, kitu kimoja kwa siku kinatosha, na kipangwe kwa kufuata maji.

Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, tembeeni kwa miguu hadi soko la samaki lililo ufukweni, karibu na majengo ya zamani ya Wajerumani. Mashua zinapokuwa zimelala mchangani, mafundi huziba nyufa za mbao kwa kutia kalafati, nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, wakizigongea ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti, na kazi hiyo hufanywa taratibu kiasi kwamba mtu anaweza kuitazama saa nzima bila kuchoka. Mashua za uvuvi zinapoingia, samaki hutandazwa na kunadiwa kwa mafungu; mnadi hutaja bei, wanunuzi huijibu kwa kidole au kwa jicho, na fungu huondoka kabla mgeni hajajua lilikuwa la nani. Msiingie kwenye mnada. Ngojeni wachuuzi waliokwisha kununua, chagueni changu au kolekole mwenye macho maangavu na matamvua mekundu, patanisheni bei, mpeni kijana wa kuparua magamba malipo yake madogo, kisha mpelekeni samaki kwa wakaangaji walio na makarai ya mafuta juu ya moto wa kuni palepale. Watamchanja ubavuni, watamtia chumvi, na mtamla kwa mikono, na ndimu na pilipili. Kwa watu waliozoea samaki wa barafu anayesafirishwa kutoka Namibia, tofauti haihitaji maelezo. Jaribuni pia pweza, wali wa nazi, vitumbua vya asubuhi na madafu. Bukari mtalipata kwa jina la ugali, na sombe kwa jina la kisamvu, mara nyingi kikiwa kimeungwa kwa nazi.

Safari ya mashua iwe siku ya pili au ya tatu, mkishaizoea bahari. Ngalawa ni chombo chembamba kilichochongwa kutokana na gogo, chenye mbawa mbili za mti za kukizuia kisipinduke, nacho huenda kwa tanga. Mashua ya injini ni ya starehe zaidi kwa asiyeogelea. Patanisheni bei ya chombo kizima wala si ya kichwa, ulizeni saa ya kurudi kwa kuwa maji yakiondoka chombo hakifiki ufukweni, na msipande pasipo na jaketi za kujiokolea. Wakati kusi inavuma kwa nguvu, ahirisheni bila aibu. Wenyeji huwapeleka wageni kwenye mafungu ya mchanga yanayoibuka maji yakipwa, au kaskazini hadi mlango wa mto Ruvu, penye misitu ya mikoko, ndege wengi na viboko, na kwa sababu ya hao viboko nendeni na mtu anayeijua njia. Kuhusu kuogelea, asiyejua abaki katika maji ya kiunoni wakati yanajaa, na asimfuate mwenzake kwa sababu ya mapenzi.

Magofu ya Kaole yako kilomita 5 hivi kusini mwa mji: misikiti miwili, mkubwa kati ya hiyo miwili ukisemekana kuanzia karne ya 13, na makaburi 22 ya mawe ya matumbawe, baadhi yakiwa na nguzo ndefu. Waongozaji huwaonyesha wageni kaburi wanalosema ni la mume na mke waliozama baharini pamoja, jambo ambalo labda bibi arusi asiambiwe kabla ya safari ya mashua. Nendeni asubuhi mapema kwa bajaji, mwambieni dereva awasubiri, maana jua la saa 6 halina huruma na kivuli ni cha mibuyu tu.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ina makumbusho, uwanja wa miembe mikubwa, na mnara ambao ndani yake mwili wa Livingstone uliwekwa mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia na si mbali sana na kwetu. Upo pia mbuyu ulioumeza mnyororo: husimuliwa kwamba bibi mmoja wa Kifaransa aliufungia punda wake hapo, na shina likakua hadi likaufunika, ukabaki mwisho wake tu. Waumini wanaweza kusali misa ya Jumapili hapo hapo, kwa Kiswahili.

Mtu wa Katanga hatembei Bagamoyo kama mgeni kamili. Misafara iliyokuwa ikiishia hapa ilibeba pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo, kutoka bara, hata kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Msiri, aliyetawala ufalme wa Garanganze huko kwetu Katanga kutoka Bunkeya, alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa misafara wa Unyamwezi, na biashara yake ya upande wa mashariki ilielekea pwani hii. Msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na ulioishia kwa kuuawa kwa Msiri tarehe 20 Desemba 1891, ulianza mwendo wake wa miguu hapa Bagamoyo mwezi Julai mwaka huohuo, mwaka ambao Wajerumani nao waliyahamishia Dar es Salaam makao yao makuu. Nyumba ya misafara ipo mjini na hutembelewa. Ni ziara fupi, na mambo yake ni mazito, kwa hiyo ifanyeni siku ambayo hamna kingine cha kufanya baadaye ila kukaa barazani.

Jioni, chuo cha sanaa cha TaSUBa huwa na maonyesho ya ngoma na maigizo siku fulani, ulizeni getini. Hifadhi ya Saadani, iliyo kaskazini na ambayo wanyama wake hufika hadi ufukweni, ni ya wenye fedha na siku ya ziada, na mkienda ulizeni kama mtalipa kiingilio cha raia wa Jumuiya. Zanzibar iacheni safari hii. Tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia kisiwani hudaiwa bima ya safari, na feri na mabegi vitawarudisha katika haraka mliyoikimbia.

Kuhusu adabu, wazee wa pwani husalimiwa kwa shikamoo, na aliyezoea kuwasalimu watu wote kwa “jambo” ataonekana hajalelewa. Bibi arusi ajifunge kanga au kikwembe juu ya nguo ya kuogea anapotoka ufukweni mwa hoteli, na bwana avae shati mjini. Kushikana mikono hakumsumbui mtu. Kubusiana barabarani kunasumbua. Bia zetu za Simba na Tembo hamtazikuta, bia za huko mtazipata hotelini na katika baa, si katika kila mgahawa. Msipige picha za wavuvi wala za wanawake kabla ya kuomba.

Kurudi

Siku ya mwisho ondokeni Bagamoyo yakiwa yamebaki masaa 6 hivi kabla ya ndege kuruka, kwa sababu ya foleni za Tegeta na Mwenge. Shilingi zilizobaki zibadilisheni uwanjani, kwa kuwa Lubumbashi ni vigumu kumpata wa kuzipokea, na kadi za homa ya manjano ziwe mkononi tena. Kwa mama wa pande zote mbili pelekeni kanga mbili na samaki mkavu, mkimfunga kwa karatasi nyingi ndani ya boksi lililobandikwa vizuri, maana harufu ya ng'onda huwafikia wahudumu wa ndege kabla yenu. Saa ya kutua Luano mwambieni mtu mmoja tu, yule mwenye gari.